SLAIDI ZA SOMO KATIKA DARASA LA MBALI
Sababu za Kukwama Kwake na Njia za Kuziendesha

Miongoni mwa zana za kufundishia zilizoenea katika vyuo na skuli, slaidi ina nafasi ya pekee. Zamani slaidi ilikuwa kipande kidogo cha filamu kilichotiwa katika fremu ya karatasi ngumu au plastiki, kikamulikwa kwa taa kali hadi picha yake ikatokea ukutani. Siku hizi slaidi ni ukurasa unaotengenezwa ndani ya kompyuta, na mahali pa ule ukuta pamechukuliwa na kioo cha simu kilichomo mkononi mwa mwanafunzi aliye mbali. Mabadiliko hayo yaweza kuonekana madogo, lakini kisayansi ni makubwa. Katika darasa la kawaida mwanga hutoka kwenye taa hadi ukutani, na kutoka ukutani hadi jichoni, bila ya kizuizi. Katika darasa la mbali picha hiyo hiyo haina budi kugeuzwa kuwa tarakimu, kukatwa vipande vipande, kupitishwa angani na pengine chini ya bahari, kisha kuundwa upya mwisho wa safari. Kila hatua ya safari hiyo ina nafasi yake ya kuchelewa, ya kupotea na ya kuharibika.

Matokeo yake yanafahamika kwa kila aliyefundisha au kufundishwa kwa njia hii. Mwalimu amekwisha kufika slaidi ya tano, mwanafunzi bado anaitazama ya tatu. Maandishi yanatokea yakiwa na ukungu, kisha yanasafika polepole wakati maelezo yake yamekwisha kupita. Sauti inakatika pale pale ambapo picha inabadilika. Mara nyingi lawama zote hutupiwa mtandao. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizo hutokana na namna slaidi zilivyotengenezwa na namna zinavyoendeshwa, na kwa hiyo imo katika uwezo wa mwalimu kuzipunguza.

UROA: KIJIJI, BAHARI NA UMBALI

Uroa ni kijiji kilichopo pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Chwaka, katika Wilaya ya Kati ya Mkoa wa Kusini. Kutoka Mji Mkongwe hadi huko ni mwendo wa karibu kilomita 40. Wakazi wake wameishi kwa uvuvi na kilimo kwa vizazi vingi, na baada ya kilimo cha mwani cha biashara kuanza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kazi hiyo ilienea katika pwani yote ya mashariki na kuwa pato muhimu, hasa la wanawake.

Umeme ulifika Uroa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mabadiliko yaliyofuata kijijini yalichunguzwa na mtafiti wa Norway, Tanja Winther, ambaye kitabu chake juu ya jambo hilo kilitolewa mwaka 2008. Umeme huo hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulianza kutumika mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa wiki kadhaa, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa gizani kwa miezi mitatu. Waya wa pili, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulizinduliwa mwaka 2013.

Mawasiliano ya data nayo hutegemea bahari. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, na mkongo wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika karibu na Afrika ya Kusini kwa wakati mmoja, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Mtu aliyeko Uroa, akishika simu yake kusikiliza somo, anategemea nyaya hizo zote pamoja na mnara wa simu ulio karibu naye, ambao hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Zanzibar si ngeni katika mafunzo ya mbali. Televisheni ya rangi ilianza huko katika miaka ya 1970, na redio ilikuwapo kabla yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejengwa juu ya msingi wa kumfuata mwanafunzi popote alipo. Skuli na vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walimu wengi walilazimika kuijaribu njia ya vidio bila ya matayarisho. Tangu hapo imebaki kuwa zana ya kawaida, nayo yastahili kueleweka.

Ili maelezo yawe na mguso wa maisha, na ichukuliwe kwamba mtaalamu aliyeko mjini anataka kuwafundisha wakulima wa mwani wa Uroa, kwa slaidi na sauti, namna ya kuutambua mapema ugonjwa unaoitwa na watafiti aisi-aisi. Mwani ulioshikwa na ugonjwa huo hupauka. Sehemu za shina lake huwa nyeupe, hulegea na kukatika, na mavuno hupotea baharini. Ugonjwa hutokea mwani unapodhoofishwa na joto kali, mabadiliko ya chumvi ya maji au upungufu wa mwanga, kisha bakteria wakapata nafasi. Aina yenye bei nzuri zaidi, ijulikanayo kibiashara kuwa cottonii, yaani Kappaphycus alvarezii, ndiyo iliyoathirika zaidi katika pwani ya Unguja. Dalili ya mwanzo ni ncha ndogo nyeupe ya milimita chache tu. Mwanafunzi asipoiona ncha hiyo katika slaidi, hakuna alichojifunza, hata kama kila neno la mwalimu limemfikia.

PICHA MOJA INA TARAKIMU NGAPI?

Picha katika kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ziitwazo pikseli. Slaidi ya upana wa nukta 1280 na kimo cha nukta 720 ina jumla ya nukta 921,600. Rangi ya kila nukta huandikwa kwa biti 24: biti 8 za nyekundu, 8 za kijani na 8 za buluu. Kwa hiyo slaidi moja, ikiandikwa yote bila ya kupunguzwa, ina biti 22,118,400. Vidio ya kawaida huonyesha picha kama 25 kwa kila sekunde, na hivyo ingehitaji njia inayopitisha biti zaidi ya milioni 550 kwa sekunde.

Sasa na ichukuliwe kwamba simu ya mwanafunzi wa Uroa inapokea biti 500,000 kwa sekunde, kiwango kinachoweza kutokea pale watumiaji wa mnara mmoja wanapokuwa wengi. Slaidi moja isiyopunguzwa ingetumia sekunde 44 kumfikia. Vidio kamili isingemfikia abadan. Kwa kuwa jambo hilo hata hivyo hufanyika kila siku, ni dhahiri kwamba kuna ufundi wa kuipunguza picha kabla ya kuisafirisha. Ufundi huo ndio ugandamizaji.

JINSI PICHA INAVYOGANDAMIZWA

Ugandamizaji wa picha umesimama juu ya nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Kwa hesabu hiyo, iitwayo mgeuzo wa kosaini, picha hugawanywa katika miraba midogo, mathalan ya nukta 8 kwa 8. Badala ya kutaja rangi ya kila nukta, kompyuta huuelezea kila mraba kuwa ni jumla ya mawimbi. Mtu anayesimama ufukweni Uroa huona jambo linalofanana na hilo: uso wa maji una mawimbi makubwa yaendayo polepole, na juu yake viwimbi vidogo vya upepo. Katika picha, mawimbi makubwa ni maeneo mapana ya rangi moja, kama anga au mchanga. Viwimbi ni mambo madogo madogo, kama ukingo wa herufi au unywele. Njia ikiwa nyembamba, kompyuta huhifadhi mawimbi makubwa na kuvitupa viwimbi. Ndiyo sababu picha iliyogandamizwa mno huwa na ukungu, na maandishi yake huharibika kabla ya kitu kingine chochote.

Nguzo ya pili ni tabia ya jicho. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwangaza kwa undani kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo mifumo mingi ya vidio huhifadhi mwangaza wa kila nukta, lakini habari za rangi huzipunguza hadi robo. Kwa picha za watu na mandhari, hasara haionekani. Kwa maandishi mekundu juu ya buluu, hasara ni kubwa, kwa kuwa rangi hizo zaweza kuwa na mwangaza unaokaribiana, na tofauti yao yote imo katika habari ile iliyopunguzwa.

Nguzo ya tatu ni kulinganisha picha moja na iliyotangulia. Slaidi ikiwa imetulia, picha inayofuata ni sawa na iliyopita, na kompyuta haina la kutuma isipokuwa kusema kwamba hakuna kilichobadilika. Slaidi iliyotulia ni rahisi mno kusafirisha. Gharama yake hulipwa mara moja tu, wakati inapoingia.

Hapa ndipo linapofichuka kosa lililoenea. Programu za kutengenezea slaidi humpa mwalimu mapambo mengi: slaidi inayofifia huku nyingine ikijitokeza, inayojikunja kama ukurasa, au maneno yanayoingia moja moja yakizunguka. Ukutani darasani mapambo hayo hayana gharama. Katika darasa la mbali, kwa muda wote slaidi inapofifia, takriban kila nukta hubadilika katika kila picha. Nguzo ya tatu huvunjika, na kwa sekunde moja au mbili kompyuta hulazimika kutuma mabadiliko ya slaidi nzima tena na tena. Pambo la sekunde moja laweza kuwa zito kuliko slaidi yenyewe.

MLANGO MWEMBAMBA

Data husafiri katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti za sauti na za picha hupita katika njia moja, na mahali penye wembamba hupanga foleni, kama ngalawa zinavyosubiriana kwenye mlango wa mwamba wakati maji yanapokupwa. Sauti ya mtu anayesema huhitaji nafasi ndogo tu, kiasi cha biti 32,000 kwa sekunde, nayo husikika vizuri. Lakini pakiti za slaidi zikimiminika kwa ghafla, pakiti ya sauti hujikuta nyuma ya mamia ya pakiti za picha. Ikifika imechelewa, haina faida tena, kwa sababu sikio limekwisha kupita neno lile. Simu huiacha, na mwanafunzi husikia pengo. Hii ndiyo sababu sauti hukatika pale slaidi inapobadilika.

Pakiti nyingine hupotea kabisa. Kwa kuwa picha zimeandikwa kama tofauti kutoka picha iliyotangulia, kupotea kwa pakiti moja huharibu zote zinazofuata, mpaka kompyuta ya mwalimu itume upya picha kamili. Mwanafunzi hubaki akitazama slaidi iliyoganda au iliyojaa miraba. Mwanafunzi anayeingia darasani akiwa amechelewa naye huhitaji picha kamili ya kuanzia.

Programu nyingi za darasa la vidio hujaribu kujirekebisha. Zikitambua kwamba kinachoonyeshwa ni slaidi, hupunguza idadi ya picha kwa sekunde ili kuhifadhi usafi wa maandishi. Mwalimu akichagua utaratibu uliokusudiwa kwa filamu, mambo hugeuka: mwendo huwa laini lakini maandishi hupoteza usafi wake. Uchaguzi huo hufanywa kwa kubonyeza mara moja, na mara nyingi hufanywa bila ya kujua.

SAFARI NDEFU YA SAUTI FUPI

Kuchelewa si tatizo la wembamba wa njia peke yake. Urefu wake nao una sehemu yake. Ndani ya mkongo mwanga husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka mjini hadi Uroa ingekuwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini programu ya darasa ikiwa inaendeshwa na kompyuta kuu iliyoko Ulaya, sauti ya mwalimu aliyeko Mji Mkongwe husafiri hadi huko na kurudi ndipo imfikie jirani yake wa kilomita 40. Safari ya kilomita 20,000 kwenda na kurudi huchukua milisekunde 100, kabla ya kuhesabu kusubiri katika vituo vya njiani na kazi ya kugandamiza na kugandamua.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umependekeza kuwa sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ikiwa mazungumzo yanatakiwa kwenda kwa wepesi, na kwamba zaidi ya milisekunde 400 haifai. Mwalimu anayeuliza swali na kusubiri kwa muda ule ule aliouzoea darasani huona kimya, akadhani hakuna ajuaye jibu, akaendelea. Huenda jibu lilikuwa njiani.

Picha huchelewa zaidi kuliko sauti, kwa kuwa ni nzito zaidi. Slaidi ya maandishi yenye kilobaiti 100, yaani biti 800,000, hutumia sekunde 1.6 katika njia ya biti 500,000 kwa sekunde. Slaidi yenye picha ya kilobaiti 200 hutumia sekunde 3.2; njia ikishuka hadi biti 200,000 kwa sekunde, hutumia sekunde 8. Kwa muda wa sekunde 8 mwalimu wa kawaida husema sentensi mbili au tatu. Ikiwa sentensi hizo zinaanza na maneno "kama mnavyoona hapa", mwanafunzi hataona kitu.

NCHA NYEUPE

Turudi kwenye mwani. Mtaalamu amepiga picha ya shada zima la mwani lenye upana wa sentimita 30, na katika shada hilo kuna ncha nyeupe ya milimita 3. Picha ikiwa na nukta 1280 kwa upana, ncha hiyo inachukua nukta 13. Inaonekana vizuri katika kompyuta ya mwalimu. Mtandao ukidhoofika, programu hupunguza upana wa picha hadi nukta 320. Sasa ncha imebaki na nukta 3, chini ya nusu ya mraba mmoja wa ugandamizaji, nayo ni miongoni mwa vile viwimbi vinavyotupwa kwanza. Ikiwa picha ilipigwa mwani ukiwa juu ya mchanga mweupe, hakuna mwangaza wa kuitofautisha ncha na mchanga. Mwanafunzi huona mwani mzima na wa afya.

Tiba yake ni nyepesi. Baada ya picha ya shada zima, mwalimu aonyeshe picha ya pili iliyokatwa ili ibaki sehemu ya upana wa sentimita 6. Hapo ncha ile ile inachukua nukta 64, na hata picha ikipunguzwa hadi nukta 320 itabaki na nukta 16. Mwani ulazwe juu ya kitambaa cheusi, ili tofauti iwe ya mwangaza na wala isiwe ya rangi tu. Jambo hili linawahusu pia mwalimu wa biolojia anayeonyesha seli, daktari anayeonyesha upele na fundi anayeonyesha ufa: kitu kinachofundishwa kijaze kioo.

Kanuni hiyo hiyo inatawala maandishi. Simu iliyolazwa ina kioo cha upana wa takriban sentimita 14. Slaidi ikijaa humo huwa na kimo cha karibu sentimita 8. Herufi yenye kimo cha sehemu 1 ya 20 ya slaidi itakuwa na milimita 4, na itasomeka. Herufi ya sehemu 1 ya 40 itakuwa na milimita 2, na picha ikipunguzwa nusu itabaki na nukta 9 tu za kimo, hata nyongo na matundu ya herufi yakazibana. Kwa hiyo slaidi ya darasa la mbali isizidi mistari saba au minane, iwe na wino wa giza juu ya weupe au weupe juu ya giza, na jedwali refu ligawanywe katika slaidi mbili au tatu.

KULITAYARISHA SOMO

Kutokana na maelezo hayo, matayarisho ya somo yanaweza kupangwa kwa taratibu zifuatazo.

Kwanza, mapambo ya kubadilishia slaidi yaondolewe yote. Slaidi iingie mara moja na itulie. Pale mwalimu anapotaka kujenga mchoro hatua kwa hatua, atengeneze slaidi kadhaa zilizotulia, kila moja ikiongeza mstari mmoja juu ya iliyotangulia. Kompyuta itatuma mstari huo tu.

Pili, picha zipunguzwe kabla ya kuwekwa katika slaidi. Picha iliyotoka katika simu yaweza kuwa na nukta milioni 12, ilhali slaidi haionyeshi hata milioni moja. Ziada hiyo huielemea kompyuta ya mwalimu na kuchelewesha kufunguka kwa slaidi.

Tatu, filamu isichezwe ndani ya slaidi. Itumwe mbele kama faili, kila mtu aitazame kwa wakati wake, kisha ijadiliwe darasani.

Nne, slaidi zote zitumwe kwa wanafunzi kabla ya somo, zikiwa zimehifadhiwa kama hati ya PDF, na kila slaidi iwe na namba kubwa pembeni. Huu ndio utaratibu wenye manufaa kuliko yote. Mwenye slaidi mkononi hahitaji tena picha isafirishwe wakati wa somo. Anahitaji sauti, na sauti ni nyepesi.

Tano, wakati wa somo uchaguliwe kwa kuangalia maisha ya wanaofundishwa. Uroa, siku za bamvua, maji hukupwa sana wakati wa saa nne za asubuhi, na wakulima wa mwani huwa mashambani mwao baharini. Somo la saa nne katika siku hizo halitapata msikilizaji, hata mtandao uwe mzuri namna gani. Siku za maji mafu, au saa za jioni, ni bora zaidi.

KULIENDESHA SOMO

Somo linapoendelea, mwalimu awe na simu ya pili iliyoingia darasani kama mwanafunzi, ikitumia mtandao wa simu na wala si ule wa kompyuta yake. Simu hiyo ndiyo ushahidi wa kile wanachokiona wengine. Akibadilisha slaidi, asianze kuieleza mpaka aione imetokea katika simu ile. Katika muda huo ataje namba ya slaidi na kichwa chake: "Slaidi ya saba, dalili za mwanzo." Aliyepotea atajua pa kurudi, na mwenye hati atafungua ukurasa wake.

Mwalimu asitumie maneno "hapa", "hiki" na "pale" peke yake. Kiashirio cha kompyuta hutembea kwa kuruka katika mtandao dhaifu, na mara nyingi hakionekani kabisa. Aseme: "ncha ya juu, upande wa kulia, iliyo nyeupe". Maelezo ya namna hiyo humfaa hata yule ambaye picha haikumfikia kabisa.

Kamera ya mwalimu iwashwe wakati wa salamu na wakati wa maswali. Slaidi zinapoonyeshwa, izimwe, ili njia nzima iachiwe sauti na picha za somo. Baada ya kuuliza swali, mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuendelea.

Mwisho, kuwe na njia ya akiba. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta yaweza kuendelea, lakini kifaa cha intaneti kilichochomekwa ukutani huzimika papo hapo. Simu iliyojazwa chaji na kuwekwa tayari kugawa mtandao wake ni akiba ya kutosha. Na yote yakishindikana, simu ya kawaida ya sauti pamoja na hati iliyotumwa mapema vinatosha kulimaliza somo.

GHARAMA YA KUJIFUNZA

Limebaki jambo moja ambalo wahandisi hulisahau na wanafunzi hawalisahau, nalo ni bei. Somo la saa moja la vidio inayotumia biti milioni 1 kwa sekunde humaliza megabaiti 450 za bando la mwanafunzi. Sauti peke yake, kwa biti 32,000 kwa sekunde, hutumia megabaiti 14 na ushei kwa saa hiyo hiyo. Slaidi ishirini za kilobaiti 100 kila moja, zikitumwa mbele, huongeza megabaiti 2. Jumla ni chini ya megabaiti 17. Kwa bando lile lile, anayefundishwa kwa sauti na hati anaweza kuhudhuria masomo zaidi ya ishirini na sita, ilhali anayefundishwa kwa vidio kamili atahudhuria moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atabaki darasani. Mkulima wa mwani anayelipia bando kwa fedha ya mavuno hatalipia somo la pili ikiwa la kwanza limekatika katikati na kummalizia salio. Atarudi shambani na ujuzi wake wa zamani, na ncha nyeupe atazigundua zitakapokuwa zimekwisha kukatika na kuchukuliwa na maji.

Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoundwa mwaka 1978, wamekusanya elimu nyingi juu ya mwani. Miongoni mwao Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika taasisi hiyo kwa miaka mingi, amehimiza njia za kulima katika maji ya kina kirefu zaidi, ambako joto ni nafuu. Elimu hiyo ipo, na nyaya za kuipeleka zipo. Kinachotakiwa ni kwamba anayeipeleka aijue njia inayopitishiwa, apime uzito wa kila anachokituma, na aanze na kile ambacho mwanafunzi hawezi kukikosa: kwanza sauti, pili hati iliyo mkononi, tatu picha iliyotulia. Mengine yote yaje baada ya hayo, nafasi ikiwapo.